Kifaru Kilichotiwa Hina

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina kazi Changamwe kwenye ofisi ya yadi ya makontena, nina mvi za kutosha kidevuni, na msikitini hupewa nafasi safu ya pili bila kuomba. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu, wengi wao wa ukoo wa mke wangu, wanaosema kwamba nachezea vigari.

Sichezei. Natengeneza vifaru. Vifaru vya vita, si wale wanyama wenye pembe. Vyaja vipande vipande vya plastiki ndani ya boksi, navikata, navipiga msasa, navigundisha, mwisho nakuwa na kifaru kisichozidi mkate wa boflo kwa urefu, chenye minyororo, mzinga na vifuniko vinavyofunguka. Cha kwanza nilikiokota Kongowea kwenye lundo la mtumba, katikati ya wanasesere walionyofoka mikono. Boksi lilikuwa limechanika na maelezo yake yalikuwa ya Kijapani. Nilimwambia mke wangu kwamba ni zawadi ya mtoto wa ndugu yangu. Mtoto huyo hajakiona mpaka leo, na sasa amefuga ndevu.

Kuunganisha vipande ni kazi ya yeyote mwenye subira. Kilichoniteka mimi ni ngozi. Chuma cha kweli si laini kama plastiki. Kile kilichomiminwa kwenye kalibu hutoka na vinundu kama ganda la chungwa. Palipochomelewa pana mshono ulionyanyuka. Juu, mahali askari wanapokanyaga, hunyunyizwa changarawe laini ili wasiteleze. Na kuna vile vifaru vya Wajerumani vya Vita Vikuu vya Pili, vilivyokandikwa uji mzito mfano wa saruji, ukavutwa matuta matuta mwili mzima, ili adui akibandika bomu la sumaku lisishike. Bila ngozi hiyo una kigari. Ukiipata, mtu akikiinamia huingiwa na hofu kidogo, hata kama kiko mezani karibu na birika la chai.

Ngozi hiyo ndiyo iliyonifanya mwizi nyumbani mwangu mwenyewe. Nilianza na poda ya mke wangu. Ukiikoroga na gundi nyeupe ya mbao, ukaipaka kwa kuigongagonga na mswaki mkavu, hutoa vile vinundu vya chuma cha kalibu vizuri kabisa. Mswaki nao ulikuwa wake. Kwa changarawe ya kuzuia utelezi nilimwomba dereva mmoja wa lori la kokoto aniletee vumbi la machimbo ya Mwakirunge kwenye mfuko wa sukari, nikalichekecha kwa soksi ndefu ya nailoni.

"Soksi yangu moja sijaiona," mke wangu alisema siku ya pili, akiwa na ile ya pili mkononi.

"Labda ni upepo."

"Upepo umechagua soksi, ukaacha buibui?"

Nikamwambia siku hizi pepo zimebadilika. Alinitazama tu, kisha akatazama vumbi jeupe kwenye nyusi zangu.

Mambo yalikuwa hivyo mama mkwe wangu alipohamia kwetu kwa mwezi mmoja. Kwake ni Kisauni, lakini ilikuwa Shaabani, harusi za kuiwahi Ramadhani zilikuwa zinakimbizana, na nyingi mwaka ule zilikuwa upande wetu wa Likoni. Yeye ni fundi wa hina. Maharusi wa pande hizi wengi wamepita mikononi mwake, na mama zao kabla yao. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, na ncha za vidole vyake ni nyeusi kama tende. Mimi namwogopa. Sioni haya kulisema hilo. Mbele yake sijawahi kukunja nne, wala kupiga chafya mara mbili mfululizo.

Chumba alichopewa ndicho kilichokuwa karakana yangu. Asubuhi ya kuja kwake nilivihamisha vifaru vyote saba, nikavificha mahali ambapo niliamini hakuna atakayefika: ndani ya lile sufuria kubwa la pilau la shughuli, stoo, chini ya magunia. Sikujua kwamba Ijumaa ya kwanza tu ataamua kutupikia pilau, na kualika majirani.

"Mwanangu," aliniita kutoka stoo. Sauti yake haikupanda.

"Naam, mama."

"Ndoo hapa uone. Nimefunua sufuria nitie mchele, nimekuta jeshi."

Nikaenda. Alikuwa amekishika kimoja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi.

"Hichi ni nini?"

"Ni kifaru, mama. Cha mfano."

"Cha mtoto gani?"

Hapo ningeweza kumtaja yule mtoto wa ndugu yangu, lakini mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mamake, mikono kifuani, akisubiri kwa hamu.

"Changu," nikasema.

Mama mkwe akakigeuza juu chini, akachungulia ndani ya kifuniko. "Na watu wake wako wapi? Mwatengeneza masanamu ya watu?"

"La, mama. Sikuwatia watu."

"Alhamdulillahi. Hayana mato ya kuonea, hayana roho. Basi." Akanirudishia, akanipa na vile sita vingine kimoja kimoja, kisha akaosha sufuria mara tatu kwa maji ya moto. Nilichomwambia kilikuwa kweli tupu. Askari wa plastiki sikuwatia. Nilikuwa nimewaweka ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, na hakuniuliza juu ya kabati kuna nini.

Toka siku ile sikuwa na haja ya kujificha. Alipotoka kwenda shughulini nilikaa uwani na kifaru changu cha Kijerumani, kile cha matuta, nikihangaika. Matuta yalinishinda. Nilijaribu kwa kitana yakapasuka, kwa bisibisi yakawa kama shamba lililolimwa na kuku, na kwa wembe wa msumeno yakanyooka upande mmoja tu. Kwenye kifaru kidogo vile, tuta halitakiwi kuzidi unene wa uzi. Nilibandua nikaanza upya mara nne, hata plastiki ikaanza kulalamika.

Alasiri moja akaja mteja nyumbani, msichana wa mtaa wa pili, akatandikiwa mkeka ukumbini. Nilipita nikiwa na kikombe changu cha chai, nikitazama chini kama inavyotakiwa, na nikitazama chini ndipo nikaona. Mama mkwe alikuwa na koni ya nailoni iliyofungwa kwa selotepu, nchani kijitundu cha pini. Alivuta mstari mmoja kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Haukukatika wala kunenepa, na ulikaa juu ya ngozi umenyanyuka, mviringo safi, kama uzi uliolazwa.

Chai ikanimwagikia mguuni.

Ningeweza kumwomba anifunze. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini mkwe mwanamume aende kwa mama mkwe kumwomba amfunze kutia hina! Nikaona afadhali niibe ujuzi kimyakimya. Nilizichungulia koni zake zilivyoviringwa, nikakata mifuko ya nailoni, nikaviringa zangu nne. Ndani nikatia uji wangu: gundi nyeupe, poda, na rangi ya kijani ya kijeshi. Ukiziweka hina mbichi na rangi ya jeshi pamoja, ni rangi moja. Nashangaa hakuna aliyeligundua hilo kabla yangu.

Kwa joto letu gundi hukauka kwenye tundu kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mama mkwe yeye huweka koni zake ndani ya friji, kwenye kopo la siagi. Na mimi nikaziweka zangu ndani ya friji, kwenye kopo la siagi. Makopo yote mawili yalikuwa ya manjano. Naona mnajua tunakokwenda, lakini wallahi mimi siku ile sikujua.

Jumamosi yake ilikuwa hina ya bi harusi mmoja wa familia kubwa, nyumba iliyo karibu na njia ya Shelly Beach, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Mama mkwe alikuwa chumbani akijifunga mtandio. "Nitolea koni zangu!" akamwambia mke wangu, ambaye alikuwa anaandamana naye kumsaidia. Mke wangu akafungua friji, akachukua kopo la mbele, akalitia mkobani. Hakuna wa kumlaumu. Kopo la mbele lilikuwa langu kwa sababu mimi ndiye niliyefungua friji mara ya mwisho.

Niliporudi kutoka kuswali adhuhuri nyumba ilikuwa kimya. Nikatandika gazeti uwani, nikatoa kopo lililobaki, nikakaa na kifaru changu. Nilipominya tu, nilitaka kupiga kigelegele. Uji ulitoka laini, bila donge, bila kukatika. Nikavuta tuta la kwanza ubavuni, la pili chini yake, la tatu. Yaliyumba kidogo, lakini yalikuwa matuta! Nilisikia harufu ya mkaratusi na ndimu, nikajiambia friji letu linahitaji kuoshwa. Nilizimaliza koni mbili. Nilijisifu kwa sauti. Nilikipiga picha, nikakianika juani, nikaenda kunawa.

Vidole havikutakata.

Nikaongeza sabuni. Nikasugua kwa jiwe. Nikatia mafuta ya taa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vya rangi ya chungwa, na nilivyozidi kuvisugua ndivyo vilivyozidi kung'aa. Nikavitazama kama vya mtu mwingine. Kisha nikakinusa kifaru: mkaratusi na ndimu, vitu vinavyotiwa kwenye hina. Kisha nikafungua friji, nikaona kwamba nafasi ya kopo la mbele, lile langu, ni tupu, nikakamata simu.

Mke wangu hakushika simu mara mbili za kwanza. Mara ya tatu nilisikia ngoma na vigelegele.

"Mwambie mama asimame!" nikapaza sauti.

"Asimame aende wapi? Ameketi na bi harusi."

"Aache kupaka! Zile koni si hina!"

"Si hina ni nini?"

Nilitafuta neno la heshima. Sikulipata.

"Ni kifaru," nikasema.

Upande wa pili ngoma iliendelea. Niliona mlango wa friji niliouacha wazi, nikaenda kuufunga.

"Kifaru," akasema mwishowe, taratibu, kama daktari anayetaja ugonjwa. "Umemtia bi harusi wa watu kifaru."

"Amefika wapi?"

"Mikono yote miwili mpaka viwikoni. Na mguu mmoja."

Nilichukua lile kopo lenye koni nne zilizobaki nikatoka mbio, kanzu nimeishika kwa mkono. Njiani watu walinipisha, wakidhani kuna msiba.

Nyumba ile ilijaa wanawake, na mwanamume hapiti. Nilisimama kwenye ukumbi wa nje, mbele ya pazia zito la maua, nikabisha hodi kwa sauti ya mtu aliyekuja kukamatwa. Moshi wa udi ulikuwa unatoka hata chini ya pazia. Ndipo nikafahamu kwa nini mama mkwe hakunusa kitu. Baadaye alikiri kwamba aliona uji wanata kidogo, lakini akailaumu ndimu.

Nilipitisha kopo chini ya pazia. Mkono wa mke wangu ukalinyakua. Ngoma ikanyamaza, na nikasikia sauti ya mama mkwe, ileile isiyopanda, ikiwaeleza wenye nyumba kwamba pametokea kosa na kwamba kosa ni lake. Lake! Hakunitaja. Hilo lilinichoma kuliko kama angalinitukana, nikafunua mdomo nipaze sauti kwamba ni langu, lakini mwanamke mmoja ndani alipiga ukelele.

"Yabanduka! Oneni, yabanduka!"

Mke wangu ndiye aliyenisimulia yaliyotokea nyuma ya pazia. Bi harusi alikuwa ameanza kulia, na katika kulia akakuna kidole. Gundi ikanyanyuka pembeni. Akaivuta polepole, ikaja nzima nzima, maua, majani, nukta zote zimeshikana, ikavuka kiganja, ikavuka kifundo, hata akashika mkononi kitu kama glavu ya lesi ya kijani. Chini yake ngozi ilikuwa safi kama alivyozaliwa. Akainua ile glavu kwenye mwanga wa dirisha. Akaacha kulia. Akauvuta na mkono wa pili, na alipofika kwenye mguu alikuwa anacheka mpaka kilemba kimemwanguka, na wanawake wote wanapigania kuishika.

Aliyekuwa hacheki ni bibi yake bi harusi. Huyo nilimsikia vizuri.

"Nani alofanya haya?"

"Mimi, bibi!" nikaita kutoka nje. "Shikamoo!"

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mkwewe fundi."

"Kisha wafanya kazi gani?"

"Niko ofisi ya makontena, bibi."

"Na hina umeanza lini?"

"Sikuanza, bibi. Ilikuwa ya kifaru."

Nikasikia wakinong'onezana, mke wangu akieleza, mtu mwingine akiuliza, "Chenye pembe?" na mke wangu akieleza tena. Kisha yule bibi akasema, "Haya. Lete mkono."

"Naam?"

"Mkono wako. Upitishe kwenye pazia."

Nikapitisha wa kulia. Kiganja cha mke wangu kikanikamata kifundo, nakijua kiganja hicho, na safari hii kilinishika kama polisi. Nikahisi ncha ya baridi ya koni ya mama mkwe mgongoni mwa mkono wangu, ikitembea. Kila nilipotikisika nilifinywa. Nyuma ya pazia walikuwa wakicheka kwa kujizuia, ile cheko ya puani, na mara mmoja alisema, "Mtie na mawaridi kwenye magurudumu," na mwingine, "Mzinga uelekee kidoleni." Nilisimama pale na nusu yangu ndani na nusu nje, na wanaume wa nyumba ile waliokuwa wanapita na masufuria ya biriani wakinipa salamu za pole.

Nilipoachiwa nikauvuta mkono. Mgongoni mwake kulikuwa na kifaru kilichojaa maua, mzinga wake umenyooka juu ya kidole cha shahada mpaka kwenye ukucha. Na uzuri wake! Sitasema uongo, hata kwa ghadhabu niliyokuwa nayo niliona kwamba minyororo imepangika vizuri kuliko yangu.

Koni nne zilitosha mikono, na miguu ikamalizwa kesho yake kwa hina mpya. Harusi ilikwenda salama. Glavu za gundi, nasikia, bi harusi alizitia ndani ya sanduku lake.

Mimi nilibaki na mkono. Jumatatu kazini niliuweka mfukoni, lakini kazi yangu ni kugonga mihuri kwenye dirisha la madereva, na muhuri haugongwi na mkono wa kushoto bila kuharibu makaratasi. Dereva wa kwanza, kijana wa bara, alikodoa macho.

"Mzee! Umechora tattoo?"

"Hii ni dawa," nikamwambia bila kuinua uso. "Ya viungo."

"Ya viungo? Inasaidia?"

"Wewe waona nagonga mihuri kama kijana."

Nilisema hivyo ili aende zake. Lakini madereva hukaa masaa mengi wameshika usukani, na hakuna asiyeumwa na kifundo. Kufika Alhamisi, watatu walikuja dirishani na mikono ya rangi ya chungwa mpaka kwenye saa. Mmoja aliapa kwamba bega limeachia. Mkuu wangu wa kazi, mtu wa makamo aliyetoka bara, mcha Mungu asiyependa mzaha, alinifuata wakati wa chai akaniuliza kwa sauti ya chini kama goti nalo linawezekana. Nikamwambia goti linataka mawaridi mawili. Aliandika.

Nyumbani hakukuwa na cheko. Mama mkwe aliitika salamu zangu na kuishia hapo. Siku tatu nilikula uwani kwa hiari yangu. Siku ya nne, baada ya alasiri, akaniita.

"Ndoo, baba."

Nilikwenda, nikaketi kwenye ncha ya mkeka. Mbele yake kilikuwa kile kifaru nilichokitia hina. Ilikuwa imekauka, imepasukapasuka, na huo ndio ubaya wa mambo: ilionekana kama tope la kiangazi lililogandia chumani, bora kuliko tope lolote nililowahi kutengeneza kwa makusudi. Sikuwa na moyo wa kuliosha.

"Mama, nisamehe," nikaanza. "Lile kosa lilikuwa langu, na wewe ukalibeba mbele za watu..."

Akaniashiria ninyamaze. Alikuwa anatazama ubavu wa kifaru kwa karibu sana.

"Mistari yako yayumba," akasema.

"Naam, mama."

"Wajua kwa nini? Waikamua kama dawa ya meno. Haikamuliwi. Unaiinua, unaiachia ianguke yenyewe, wewe waiongoza tu. Lete huo uji wako."

Nikadhani sikusikia sawa. Nikauleta, na kifaru cha pili, kilicho safi. Akauonja kwa vidole, akauita wa madonge, akachukua poda akaichekecha upya kwa kitambaa cha mtandio wake wa zamani. Mke wangu alitokeza mlangoni, akaona poda yake, akaona mamake, akarudi jikoni. Ile soksi nayo, nadhani, siku ile ilisamehewa.

Mama mkwe akaviringa koni, akakipakata kifaru kama mguu wa bi harusi, akavuta. Tuta moja, refu, toka mbele hadi nyuma. La pili chini yake, nafasi ileile. Nikamwambia hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaru vya Wajerumani.

"Na hawa Wajerumani," akauliza bila kusimamisha mkono, "walitia haya ya nini?"

Nikamweleza habari za mabomu ya sumaku, na jinsi matuta yanavyoyazuia yasishike.

"Na hao adui zao, kweli walikuwa nayo hayo mabomu?"

"Yasemekana hawakuyatumia sana, mama. Wenyewe ndio waliokuwa nayo zaidi."

Mkono ukasimama. "Kwa hivyo walijipamba bure."

"Naam."

"Vita vizima?"

"Si vizima, lakini siku nyingi."

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile, miaka yote ya ndoa yangu. Ni cheko ndogo, ya kukohoa, na ilimtikisa hata nikahofia tuta. Tuta halikutikisika.

Ubavu mzima aliumaliza kabla ya magharibi. Nilikwenda kumletea maji ya kunywa, sikukaa zaidi ya dakika tatu, na niliporudi alikuwa ametia korosho kubwa kwenye kichwa cha kifaru, pale penye mzinga. Korosho ile ya kwenye leso, na nukta kuizunguka.

"Mama! Hapo pana matuta tu! Hakukuwa na korosho kwenye vita!"

"Hapa palikuwa patupu," akasema, akatia ya pili.

Nilitaka kuzikwangua. Nilikuwa na kisu tayari. Lakini nilikitazama usiku ule na asubuhi yake, na mwisho nikakipaka rangi kama kilivyo, nikakitia kutu kidogo kwenye minyororo, nikakipiga picha uwani kwenye mwanga mzuri. Nikaituma kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wa vifaru, watu wa nchi za mbali ambao hugombana wiki nzima juu ya msumari mmoja. Sikuandika kitu ila "matuta ya mkono". Kabla ya adhuhuri walikuwa wameshagawanyika. Wengine walisema korosho zile ni alama ya kikosi, wakaanza kutafuta kikosi gani. Mmoja alikana, akasema ni kujificha kwenye majani. Wa tatu aliapa kwamba babake alikiona kifaru kama hicho kwa macho yake. Sikuwasahihisha. Wote, hata waliogombana, waliuliza swali moja: ni chombo gani hicho kilichovuta mistari myembamba namna ile?

Mama mkwe alirudi Kisauni siku mbili kabla ya Ramadhani. Sasa hunipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya zamani, na baada ya shikamoo na marahaba na hali za nyumbani hufika kwenye lake.

"Wasemaje wale watu wako?"

Namsomea. Nafasiri palepale, na katika kufasiri naongeza chumvi yangu. Yule anayesema kazi ni safi, namtia "mashallah". Yule wa babake namtia salamu maalumu kwa fundi, na dua ya kuongezewa umri. Yeye huwajibu mmoja mmoja kwa heshima zote, mimi naandika. Wiki iliyopita aliniagiza niwaambie kwamba anayetaka kujifunza aje Kisauni na uji wake mwenyewe, uwe umechekechwa vizuri, na asije na mato mato kwa wasichana wa watu. Nikaandika hivyohivyo, kwa Kiswahili. Watu kumi na mmoja wameweka alama ya kupenda, na mmoja ameuliza Kisauni iko karibu na uwanja gani wa ndege.